Koti na Tai kwenye Reli ya Uhuru

Karatasi niliyotumiwa kuhusu safari hii haikuanza na vituo wala saa. Ilianza na mavazi. Chakula cha usiku, wanaume koti na tai, wanawake nguo za heshima. Simu na kompyuta mwisho chumbani, zisionekane mbele ya abiria wengine. Redio hakuna, televisheni hakuna. Nilisoma masharti hayo nikiwa nyumbani Tabata, feni ikizunguka kwa nguvu zake zote, nikampigia Shangazi kumwuliza kama kweli kuna watu wanaolipa zaidi ya dola 10,000 kila mmoja ili wakavae tai kwenye joto la Mlimba.

“Wapo, baba,” akanijibu kutoka Hamburg. “Na wewe hulipi hata senti, kwa hiyo tafuta koti.”

Nafasi ilikuwa ya mumewe. Mzee alianguka akaumia nyonga, daktari akamkataza safari, na fedha zilikuwa zimekwisha kulipwa kwa treni ya siku 15 kutoka Dar es Salaam hadi Cape Town. Shangazi ni nesi mstaafu, mzaliwa wa Tukuyu, na Ujerumani amekaa miaka mingi kuliko aliyokaa Tanzania. Lakini ujana wake ulipita kwenye reli hii ya Tazara, akienda na kurudi masomoni, daraja la tatu, kikapu kati ya miguu. Alitaka kuipita tena njia ile kabla magoti hayajamgomea. Kwa nini ameamua kuipita pamoja na watu wa tai, alisema hilo nitaliona mwenyewe.

Treni ni ya kampuni ya Rovos Rail ya Pretoria. Mwanzilishi wake, Rohan Vos, alikuwa mfanyabiashara wa vipuri vya magari aliyenunua mabehewa yaliyochakaa na kuyafufua, nia yake ikiwa kusafiri nayo na familia. Gharama za kuyavutisha relini zilipokuwa kubwa, akageukia kuuza tiketi. Aprili 1989 treni yake iliondoka Pretoria ikiwa na wateja wanne wa kulipa. Jina la kampuni amelikata kwenye jina lake mwenyewe. Mwaka 1993 mabehewa hayo yakaingia Dar es Salaam kwa mara ya kwanza, wakati ambapo Mandela alikuwa ametoka gerezani lakini hajawahi kupiga kura nchini kwake.

Yaliweza kuingia kwa sababu moja ambayo abiria hawaioni kwa kuwa iko chini yao. Upana wa njia ya Tazara, reli hadi reli, ni milimita 1,067, sawasawa na njia za Zambia, Zimbabwe na Afrika Kusini. Reli ya Kati iliyoanzwa na Wajerumani ina milimita 1,000. Hii mpya ya umeme ina 1,435. Kwa hiyo behewa lililotoka Cape Town laweza kulala Dar es Salaam bila kubadili hata gurudumu moja, ila Dodoma haliwezi kufika. Kipimo hicho kilichaguliwa ili shaba ya Zambia isihamishwe kutoka behewa hadi behewa njiani. Sidhani kama kuna mjenzi aliyewaza kwamba ndicho kitakachomleta mtalii na chupa yake ya mvinyo.

Tuliondokea Stesheni ya Tazara, ule ukumbi mkubwa wa Barabara ya Nyerere uliojengwa kwa ajili ya watu wengi wenye mizigo mingi. Mbele kulikuwa na kichwa cha Tazara, dereva wake wa Tazara. Nyuma yake mabehewa ya kijani, mengine yaliundwa miaka ya 1920 na 1930, ndani mbao tupu zilizosuguliwa mpaka mtu anajiona uso. Hata treni ijae, abiria hawazidi 72. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili, kabati, meza iliyosogezwa dirishani, na bafu. Shangazi alibonyeza godoro kama anayepima embe Kariakoo, akafungua bomba, akasubiri maji yapate moto, ndipo akavua viatu.

“Hapa mtu anaoga,” akasema. “Enzi zetu ulikuwa unashuka Dar na vumbi la Makambako masikioni.”

Watoto wa Yombo walitupungia mikono. Wazungu wa chumba cha jirani wakawapungia. Shangazi naye alipopunga, mtoto mmoja akamwonyesha mwenzake kwa kidole, wakaacha kupunga, wakaanza kubishana.

Behewa la mwisho lina kibaraza kilicho wazi, na huko ndiko kila mtu alikokimbilia tulipoingia katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019. Twiga, ngiri, swala, na tembo wachache mbali kidogo. Kamera zilifanya kazi mpaka jua likazama. Treni ya kawaida ya Tazara hupita katikati ya pori hilo hilo, na abiria wake huwaona twiga hao kwa nauli ya kwenda kumsalimia bibi Mbeya. Inaelekea wenzetu hawakuelezwa jambo hilo, nami niliona si vizuri kuwaharibia jioni.

Chakula kiliitwa kwa gongo. Nilitoka na koti la shemeji, lile alilofungia ndoa, limenibana kwapani. Behewa la kulia lina nguzo za mbao zilizochongwa, vitambaa vyeupe mezani, na glasi nyingi kuliko watu. Sahani zilikuja moja moja, kila moja na mvinyo wake wa Cape, na kila nilipodhani tumemaliza kumbe bado. Kwa upishi, sina neno. Kwa pilipili, Shangazi alikuwa nalo: alitoa mkobani kichupa cha achari ya ndimu, akakiweka kando ya vyombo vya fedha, na kabla ya usiku kwisha kilikuwa kimezunguka meza tatu.

Kuna jambo la mapambo haya ambalo halikunitoka. Treni imerudishwa kwa makusudi katika enzi ya taa za vivuli na vikombe vyembamba, na enzi hiyo ilikuwa na watu wake. Mabehewa haya yalipokuwa mapya, mimi na Shangazi tungekuwamo kwa kazi ya kutandika vitanda. Mhudumu wetu wa mezani, kijana wa Mamelodi kule Pretoria, alilifahamu hilo bila kuambiwa. Alipomvutia Shangazi kiti siku ya kwanza alimwita “Mama” kwa namna ambayo wengine hawakuipata, na kila usiku kipande chake cha nyama kilikuwa kikubwa kidogo.

Mlima wenyewe unaanzia Mlimba. Kabla ya hapo njia imelala bondeni Kilombero, kushoto mashamba ya mpunga, kulia ukuta wa Udzungwa. Baada ya Mlimba inatakiwa kupanda hadi Makambako, zaidi ya mita 1,000 juu, katika mwendo wa kilomita zipatazo 160, na hapo ndipo yalipo mahandaki mengi na madaraja marefu kwenda juu. Daraja la mto Mpanga lina nguzo za kiasi cha mita 50. Mhandisi mstaafu kutoka Australia, aliyekuwa akila nasi, alisimama kibarazani muda wote huo akihesabu. Kila tulipotoka gizani aliuliza tena: walichimba kwa mashine gani? Nikamwambia nilichokisikia kwa baba mkubwa, aliyekuwa kibarua kambi ya Mang'ula: baruti, koleo, na Wachina waliokula chakula kile kile na kulala kambi ile ile.

Kazi ilianza Oktoba 1970, na Juni 1975 reli zilikuwa zimefika mwisho. Kilomita 1,860, 975 za Tanzania na zilizobaki za Zambia. Wachina zaidi ya 60 walikufa katika kazi hiyo, na wengi wamezikwa katika makaburi yao kule Gongo la Mboto, ambako wakazi wa Dar es Salaam tunapita kila siku bila kugeuza shingo. Baba mkubwa alirudi Tukuyu na redio, koti la kazi la bluu, na maneno machache ya Kichina aliyoyatumia kuwagombeza ng'ombe.

Makambako tulifika asubuhi, na baridi yake unaijua hata dirisha likiwa limefungwa. Wageni wengi walibaki mezani na mayai yao. Shangazi alirudi chumbani, akashusha kioo, akatoa kichwa.

Wachuuzi hawakuwa wamejisumbua kuisogelea treni hii. Wanaijua: inasimama, inapigwa picha, inaondoka, hainunui kitu. Mama mmoja mwenye parachichi kichwani alikuwa akipita zake aliposikia akiitwa, akatazama kulia na kushoto, asijue sauti imetoka wapi.

“Dada, parachichi fungu bei gani?”

“Shikamoo Mama. Eh! Humo ndani umeingiaje?”

“Marahaba. Kwa mlango. Bei gani?”

Bei ya kwanza ilikuwa ya Kizungu. Shangazi alicheka kwa sauti kubwa, bei ikashuka yenyewe. Dakika chache baadaye chini ya dirisha letu palikuwa na viazi, mahindi ya kuchoma, karanga na kijana mwenye mayai ya kuchemsha na kachumbari kwenye mfuko wa nailoni. Mhudumu wa behewa alikuja mbio, akakuta mlima wa parachichi kwenye zulia. Alisimama, akafikiri, akaenda kuleta kikapu.

Mbeya ilikuwa zaidi. Njia hupita karibu na Uyole, sehemu yake ya juu kuliko zote, takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, kisha inateremkia stesheni. Hapo Shangazi alishuka kabisa. Alimsalimu mwuza mchele kwa Kinyakyusa, “Ugonile,” wakaulizana koo na vijiji mpaka ukapatikana undugu wa mbali, na mchele wa Kyela ukapimwa kilo tano ukatiwa na kibaba cha nyongeza. Abiria wenzetu, ambao hadi wakati huo walikuwa wakimwona bibi mtulivu wa achari, walisimama kwenye madirisha wakimtazama akibishana huku ameshika kiuno. Nadhani hapo ndipo nilipoona alichosema nitakiona. Alitaka kupita kwao akiwa ndani ya treni hii, madirisha haya, kitambaa hiki cheupe, halafu ashuke anunue mchele.

Sasa niseme kuhusu mwendo, kwa sababu ndio bidhaa yenyewe inayouzwa. Treni hii haizidi kilomita 60 kwa saa, na usiku mara nyingine husimamishwa ili wageni walale bila kutikiswa. Tazara ni njia moja; treni mbili zikikutana, moja sharti ingoje pembeni kwenye stesheni. Tulingoja mahali fulani kupisha treni ya mizigo, muda mrefu, jua la saa nane likiwaka. Kwetu vinywaji vililetwa. Bwana mmoja alifunga kitabu chake akasema kwa miaka mingi hajapumzika hivi. Hatua chache kutoka hapo, kwenye kivuli cha stesheni, mama alikuwa amekalia mkungu wa ndizi pembeni ya matenga ya nyanya, akisubiri treni yake. Alizigeuza nyanya moja moja, zilizoanza kulainika akaziweka juu.

Saa zilikuwa zile zile. Sisi tumezinunua kwa bei kubwa. Yeye zilikuwa zinamla mtaji. Tangu 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma kwa mwendo unaofikia kilomita 160 kwa saa, na nimewasikia watu wakijisifu kwa dakika walizookoa. Hakuna anayejisifu hivyo kwenye behewa la kijani. Huko sifa ni kutojua leo ni Jumanne au Jumatano. Sisemi ni vibaya. Nililala vizuri, nikasoma kitabu kizima, nikazungumza na Shangazi mambo ambayo simuni hayasemeki. Ila starehe ya namna hii inamtaka mtu awe hasubiriwi popote, na watu wa hivyo ni wachache kuliko vyumba vya treni. Septemba 2024, jijini Beijing, ilitiwa saini hati ya makubaliano ya kuifufua Tazara, mbele ya marais wa China, Tanzania na Zambia. Reli ikifufuka, wa kwanza kuulizwa hali awe yule mama wa nyanya.

Tunduma na Nakonde zilikuwa mihuri na makaratasi, na makaratasi hayo walishughulika nayo watu wa treni, sisi tukinywa chai. Zambia ya kaskazini ni miombo, miombo na miombo. Anayependa msitu atafurahi, mimi nilisinzia. Karibu na Kasama tulipelekwa kuona maporomoko ya Chisimba. Kisha Mpika, Serenje, na hatimaye New Kapiri Mposhi, mahali ambapo Tazara inaishia na kuiachia njia ya zamani ya wakoloni.

Mji huu mdogo wa njia panda ndio ulikuwa lengo la yote. Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilipojitangazia uhuru Rhodesia, Zambia ilijikuta shaba yake haina njia ya kwenda baharini isiyopita mikononi mwa watu wasioitakia mema. Waingereza na Benki ya Dunia walikuwa wameshasema reli ya kwenda Dar es Salaam haitalipa. Nyerere na Kaunda wakaigeukia China, mkataba ukasainiwa Beijing Septemba 1967, na mkopo ukatoka, yuan milioni 988, bila riba. Reli ilijengwa ili mtu asilazimike kupita kusini. Sasa sisi hapa, kwenye treni ya kusini, tunaelekea kusini, na hakuna aliyetuzuia. Nilijaribu kumweleza mhandisi wa Australia utamu wa jambo hili. Akaniuliza uzito wa reli kwa mita.

Livingstone ilipokaribia, kila mtu alihamia kibarazani. Daraja la Victoria Falls lina urefu wa mita 198 na liko mita 128 juu ya maji. Cecil Rhodes alitaka lijengwe karibu na maporomoko kiasi kwamba mvuke wa maji uyaloweshe mabehewa; alikufa 1902, hakuwahi kuliona. Lilifunguliwa Septemba 1905 na George Darwin, mtoto wa yule Charles Darwin wa mageuzi ya viumbe. Mambo haya kiongozi wa msafara aliyaeleza vizuri. Kuna moja hakulieleza, nikalieleza mimi, Shangazi akitafsiri Kijerumani kwa waliohitaji.

Tarehe 26 Agosti 1975 behewa la Shirika la Reli la Afrika Kusini lilisukumwa hadi katikati ya daraja hili likasimamishwa hapo. Ndani yake, meza ndefu. Ian Smith na watu wake waliketi upande wa Rhodesia. Wapigania uhuru wa Zimbabwe, Askofu Muzorewa, Nkomo, Sithole na wenzao, wakaketi upande wa Zambia, mpaka ukipita katikati. Kaunda alikuwapo, na Vorster, waziri mkuu wa Afrika Kusini ya ubaguzi, naye alikuwapo. Behewa lilikuwa la starehe, vinywaji havikukosekana, na mazungumzo yalivunjika siku hiyo hiyo. Juni ya mwaka huo huo, kaskazini, reli za Tazara zilikuwa zimefika mwisho. Vita vya Zimbabwe viliendelea hadi mwishoni mwa 1979.

“Kwa hiyo walikaa kwenye behewa kama hili?” aliuliza mke wa mhandisi.

“La starehe kama hili,” nikasema.

“Na chakula?”

Sikuwa na jibu. Treni ilikuwa imeanza kutambaa juu ya chuma, mvuke ukapanda kutoka bondeni, miwani ya watu ikalowa. Rhodes alipata alichotaka.

Zimbabwe inakumbukwa kwa njia iliyonyooka. Pembezoni mwa Hwange reli haikati kona kwa zaidi ya kilomita 110, na baada ya saa moja ya kutazama reli mbili zikikutana upeoni unaanza kuelewa kwa nini wamejaza vitabu kwenye sebule. Pretoria ni nyumbani kwa treni, ina stesheni yake yenyewe na karakana ambako mabehewa hufumuliwa na kusukwa upya. Kimberley tukaona lile shimo kubwa la almasi. Matjiesfontein, kijiji cha Karoo kilichoanzishwa miaka ya 1880 na Mskoti aitwaye James Logan, ni barabara moja yenye hoteli, na inatembelewa ikaisha kabla hujamaliza peremende.

Cape Town tuliteremka mchana. Wageni waliagana kwa kubusiana mashavu, wengine walikuwa wanalia, maana usafiri wa namna hii huwafanya watu waamini wamekuwa ndugu. Kijana wa Mamelodi alikuwa amesimama kwenye mlango wa behewa na glavu zake nyeupe. Shangazi alimpa bahasha, kama walivyofanya wengine, kisha akampa mfuko wa mchele wa Kyela, karibu wote.

Kijana alifungua mfuko, akanusa, akauliza unapikwaje. Akaambiwa auoshe mara mbili, si zaidi. Mafuta na kitunguu kwanza, chumvi, tui akilipata. Maji yakikauka aufunike na kuupalia mkaa juu ya mfuniko. Wachukuzi walikuwa wamesimama na mizigo yetu, mmoja ameshika kikapu cha parachichi zilizoiva.

“Nyumbani kwangu kuna jiko la umeme tu, Mama,” akasema. “Mkaa hakuna.”

Shangazi akaguna. Akaniomba kalamu, akafungua mkoba, akatoa menyu ya usiku uliopita yenye herufi za dhahabu, akaigeuza upande mweupe, akaanza kumwandikia.